Nimejaza wosia wangu mtandaoni: je, utasimama?

Swali: Wakili, habari za kazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, mmoja ana miaka tisa na mwingine mitano. Nina nyumba tuliyonunua pamoja na mume wangu, akiba kidogo benki, na mafao ya kazini. Juzi niliingia kwenye tovuti moja inayoandaa wosia. Ikaniuliza maswali, nikajibu, na baada ya kama nusu saa nikapata hati ya kurasa nne. Mwishoni nikatia sahihi kwa kidole kwenye kioo cha simu. Nimemweka dada yangu awe msimamizi wa mirathi na mlezi wa watoto, na nimemwachia kiasi cha fedha kwa ajili ya usumbufu atakaoupata. Yeye na mumewe wamekubali kuwa mashahidi. Je, wosia huu una nguvu kisheria, au nimejidanganya?

Jibu: Njema, dada, na nianze kwa kukupongeza. Wazazi wengi wenye watoto wa umri huo hulisogeza jambo hili mbele mwaka hadi mwaka, kana kwamba kuandika wosia ni kujiitia kifo. Wewe umekaa nusu saa na sasa una maandishi. Lakini ulichonacho kwenye simu bado ni rasimu tu, ingawa pengine ni rasimu nzuri. Ukifariki usiku wa leo, katika nchi nyingi mahakama itazihesabu kurasa hizo nne kama barua ambayo haikutiwa sahihi, na mali yako itagawanywa kwa kanuni za mtu aliyekufa bila wosia.

Tovuti imekufanyia kazi moja: imegeuza majibu yako kuwa lugha ya kisheria. Kazi hiyo programu huifanya vizuri, wakati mwingine kuliko wakili aliyechoka saa kumi na moja jioni, nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Kinachoifanya karatasi iwe wosia hutokea baada ya hapo, mezani, kwa kalamu, mbele ya watu. Na kinachouharibu wosia miaka kumi baadaye mara nyingi ni swali ambalo tovuti haikukuuliza.

Tuanze na kidole. Nchi nyingi bado zinataka karatasi na wino. Uingereza inafuata sheria ya wosia ya mwaka 1837: wosia uwe wa maandishi, mwenyewe atie sahihi mbele ya mashahidi wawili waliopo pamoja kwa wakati mmoja, nao watie zao mbele yake. Kipindi cha UVIKO waliruhusu ushahidi wa video kwa muda, ruhusa iliyokoma mwisho wa Januari 2024, na hata wakati huo sahihi ilibidi iwe ya kalamu. Kenya, chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, nako wosia wa maandishi unataka mashahidi wawili au zaidi, ila si lazima wote wawe chumbani kwa wakati mmoja. Kila mmoja anaweza kukuona ukitia sahihi, au kukusikia ukikiri kwamba sahihi ile ni yako, kisha akaweka ya kwake mbele yako. Marekani ndiko mlango wa wosia wa kielektroniki ulikofunguliwa mapema. Jimbo la Nevada lilipitisha sheria yake mwaka 2001, na mwaka 2019 ikatolewa sheria ya mfano ambayo majimbo kadhaa yameichukua. Hata huko, kidole kwenye kioo hakitoshi peke yake: hutakiwa mashahidi, au mthibitishaji wa hati, au njia nyingine ya kuhakikisha kwamba aliyetia sahihi ni wewe na si mtu aliyeokota simu yako.

Utasikia watu wakitaja kesi ya jimbo la Ohio, hukohuko Marekani, ya mwaka 2013, ambapo mahakama ilikubali wosia ulioandikwa kwa kalamu ya kielektroniki kwenye tableti, hospitalini. Ni kweli ilikubaliwa. Lakini mashahidi walikuwa pembeni ya kitanda na wakatia sahihi papo hapo, na bado familia ilibidi iende mbele ya jaji kueleza mambo yalivyokuwa. Ukiweza kuwaepushia wanao safari hiyo kwa karatasi nne na kalamu, waepushie.

Sasa mashahidi, na hapa ndipo penye kosa kubwa katika barua yako. Dada yako hawezi kuwa shahidi wa wosia unaompa fedha, na mumewe pia hawezi. Kwa sheria ya Uingereza, zawadi inayokwenda kwa shahidi, au kwa mke au mume wa shahidi, hubatilika, ingawa wosia wenyewe unabaki. Kenya ni hivyohivyo, isipokuwa kama wamepatikana mashahidi wengine wawili wasio na maslahi wakatia sahihi juu ya hao. Maana yake ni kwamba dada yako angebaki na mzigo wote wa kusimamia mirathi na kulea watoto, na kile kiasi ulichomwandikia kingepotea kwa sababu tu alishika kalamu siku ile. Tovuti nyingi huandika onyo hili katika maelezo ya mwisho, kwa herufi ndogo, kwenye ukurasa ambao mtu anaupita akiwa tayari amechoka.

Watu huchanganya shahidi na msimamizi. Msimamizi wa mirathi kuwa mrithi hakuna ubaya wowote, ni jambo la kila siku, kwa hiyo hapo ulipomweka dada yako pako sawa. Anayetakiwa kuwa mbali na mali yako ni shahidi. Tafuta watu wazima wawili ambao hawamo ndani ya wosia, hawajaoa wala kuolewa na yeyote aliyemo, wenye akili timamu, na ikiwezekana wenye umri mdogo kuliko wako, maana huenda siku moja wakaitwa kusema walichokiona. Majirani wawili au wafanyakazi wenzako wanatosha. Hawahitaji kusoma yaliyomo. Wanashuhudia sahihi yako tu.

Siku yenyewe fanya hivi. Chapisha wosia kwenye karatasi, usome tangu mwanzo hadi mwisho kwa sauti ukiwa peke yako. Amini neno langu, sikio hukamata kosa ambalo jicho limelipita, na nimeshaona wosia wa tovuti ambamo jina la mtoto mmoja limeandikwa kwa namna mbili tofauti. Kisha waite mashahidi wote wawili wakae mezani pamoja, hata kama sheria ya kwenu hailazimishi, kwa kuwa utaratibu mkali zaidi haujawahi kumponza mtu. Andika tarehe. Tia sahihi wao wakitazama, nao watie zao wewe ukitazama, kila mmoja aandike jina kamili, anwani na kazi yake. Weka herufi za mwanzo za majina yenu chini ya kila ukurasa ili asije mtu akachomeka ukurasa mwingine katikati. Asitoke mtu chumbani kwenda kupokea simu mpaka wote mmalize.

Na ukishamaliza, usiufungue tena. Ukichomoa pini za stepla ili utoe nakala, tundu zinazobaki zitamfanya ofisa wa mirathi aulize ni karatasi gani iliyokuwa imebanwa hapo na sasa haipo. Usibane kitu kingine juu yake kwa klipu, alama yake huleta maswali yaleyale. Usikate neno wala kuongeza jina pembeni. Ukibadili mawazo, rudi kwenye akaunti yako, tengeneza wosia mpya, utie sahihi upya kwa utaratibu uleule, kisha uharibu wa zamani.

Hayo ni ya kiutaratibu, yana dawa ya siku moja. Yaliyobaki ni ya ndani ya hati, na nitayasimulia kwa visa viwili vya kweli.

Mwezi Juni 1948, katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, mkulima alinaswa chini ya trekta lake shambani. Akatoa kisu cha mfukoni, akachora kwenye bati linalofunika gurudumu maneno machache, kwamba ikiwa atakufa katika balaa lile basi vyote anamwachia mkewe, na chini yake akaweka jina. Alifia hospitalini. Mahakama ililikubali bati lile kuwa wosia halali, na bado linatunzwa katika kitivo cha sheria cha Chuo Kikuu cha Saskatchewan. Shahidi hakuwepo, lakini sheria ya kule inatambua wosia ulioandikwa wote kwa mkono wa mwenyewe hata bila shahidi.

Kisa cha pili ni cha jimbo la Florida, Marekani. Mwaka 2004 mwanamke mmoja alitumia fomu ya wosia ya kununua na kujaza, babu wa hizi tovuti za leo. Akaorodhesha mali zake moja moja: nyumba na vilivyomo, gari, akaunti za benki, bima. Vyote akamwachia dada yake, na dada akitangulia, viende kwa kaka yao. Mashahidi wawili, tarehe, kila kitu safi. Dada akatangulia kweli, mwaka 2007, naye akamrithisha mwenye wosia wetu fedha na ardhi. Mwenye wosia mwenyewe akafa mwaka 2009. Ile ardhi na zile fedha hazikuwemo kwenye orodha, kwa sababu mwaka 2004 hazikuwa zake, na fomu haikuwa na mstari hata mmoja unaosema mali nyingine yoyote iende kwa nani. Ilipatikana karatasi ya baadaye, aliyoiandika mwenyewe, akisema mali yake yote iende kwa kaka yake. Ilikuwa na sahihi ya shahidi mmoja, na sheria ya jimbo inataka wawili. Mahakama ya juu kabisa ya Florida ilitoa uamuzi mwaka 2014: mali ile igawanywe kama ya mtu aliyekufa bila wosia. Sehemu yake ikaenda kwa mabinti wa kaka mwingine, aliyekwisha kufariki, ambao hawakutajwa popote. Jaji mmoja aliyekubaliana na uamuzi huo, Barbara Pariente, aliongeza maneno yake mwenyewe kwamba kesi ile iwe onyo kwa wanaojiandikia wosia kwa fomu za dukani.

Kwa hiyo bati lililochorwa kwa kisu lilisimama, na fomu iliyochapwa vizuri ikayumba. Mkulima alisema vyote. Yule mama alihesabu kimoja kimoja, na mwenye kuhesabu husahau, au hupata kitu kipya baada ya kuhesabu.

Fungua kurasa zako sasa utafute kifungu kinachosema takriban hivi: mali yangu yote iliyobaki, ya aina yoyote na popote ilipo, naiacha kwa fulani. Tovuti nyingi nzuri hukiweka zenyewe. Kama yako haina, usitie sahihi kabisa mpaka umepata nyingine. Kikiwepo, tazama kinasema nini iwapo huyo fulani amefariki kabla yako. Kila jina la mrithi linahitaji jina la pili nyuma yake, na msimamizi wa mirathi pia awe na mbadala. Angalia vilevile kama kuna sharti la mrithi kuishi siku kadhaa baada yako, mara nyingi mwezi hivi. Sharti hilo lina kazi pale wewe na mumeo mnapopata ajali moja, mmoja akafa leo na mwingine kesho kutwa, ili mali isipite kwenye mirathi mbili mfululizo.

Kuhusu vitu vilivyotajwa kwa jina, nina mashaka navyo. Ukiandika "nyumba yangu namba fulani namwachia binti yangu, na akiba yangu ya benki mwanangu wa kiume", halafu mkauza nyumba ile na kununua nyingine, binti anaweza kukosa kabisa na mwenzake akapata kila kitu. Kwa watoto wawili unaowapenda sawa, andika sehemu: nusu kwa nusu ya vyote vilivyobaki. Vitu vya kumbukumbu tu, kama pete au saa, ndivyo vya kutaja.

Halafu kuna mali ambayo wosia wako hauigusi kabisa, hata ungeandikwa na jopo la majaji. Mafao ya kazini mara nyingi huenda kwa mtu uliyemwandika kwenye fomu ya mwajiri au ya mfuko, siku ile ya kwanza ulipoajiriwa. Je, ulimwandika nani? Watu wana watoto wawili na fomu bado inamtaja mama mzazi, au mchumba wa zamani. Bima ya maisha ni vivyo hivyo. Kesho asubuhi ulizia fomu hizo, maana kwa mwajiriwa wa kawaida mara nyingi humo ndimo zilimo fedha nyingi kuliko benki.

Nyumba nayo inategemea hati inasemaje. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, nyumba yote humwangukia aliyebaki papo hapo, na wosia hauna la kusema. Na kuna ule ambao kila mmoja ana sehemu yake anayoweza kumwachia amtakaye. Nadhani tovuti ilikuuliza "Je, unamiliki nyumba?" ukabonyeza ndiyo. Swali la pili, la unaimiliki kwa namna gani, ndilo lenye maana, na jibu lake liko kwenye hati ya nyumba. Kama ni ule wa kwanza na wewe umeandika kwamba nusu yako ni ya watoto, kifungu hicho hakitafanya kazi mumeo akiwa hai. Pengine hilo halikusumbui. Lakini ulijue.

Watoto ndio sababu iliyokuleta, kwa hiyo niseme kidogo zaidi hapo. Kumteua mlezi kwa kawaida huanza kazi pale ambapo wazazi wote wawili hawapo. Mumeo akiwa hai, watoto wanabaki kwake. Ndiyo maana yeye pia anapaswa kuandika wake, na mtaje mlezi mmoja. Wosia wako ukisema dada yako na wake ukasema kaka yake, mmewaachia wanao kesi. Na mwulizeni mlezi kwanza. Kukubali kuwa shahidi ni kukubali kukaa mezani dakika tano, kulea watoto wawili ni miaka kumi na tatu.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kukabidhiwa nyumba wala fedha. Lazima awepo mtu wa kuzishika kwa niaba yake, na wosia useme ana ruhusa gani: kulipa ada, matibabu, kukarabati nyumba, kuuza ikibidi. Useme pia mtoto akabidhiwe chake akiwa na umri gani. Tovuti nyingi zinaweka miaka 18 usipogusa kitu. Mimi binafsi sijakutana na mzazi ambaye, akiulizwa ana kwa ana kama angempa kijana wa miaka 18 thamani ya nusu ya nyumba kwa siku moja, amejibu ndiyo bila kusita. Ikikuruhusu, chagua 21 au 25, na umpe mshika fedha ruhusa ya kutoa kidogo kidogo kabla ya hapo. Ningekushauri pia mshika fedha asiwe mlezi peke yake. Simshuku dada yako hata kidogo. Anayelea akishika pia fedha bila mwenzake hukosa mtu wa kumtetea siku watoto wakikua na kuuliza zilikwenda wapi.

Hukuniambia unaishi wapi, na swali hilo lina uzito kuliko yote niliyotangulia kuyasema. Tovuti yoyote imeandikwa kwa sheria ya nchi fulani. Ukiwa Ufaransa au Ujerumani, wosia wa kuandika mwenyewe lazima uandikwe wote kwa mkono wako na kutiwa sahihi, na Ufaransa wanataka na tarehe ya mkono. Karatasi iliyotoka kwenye printa, hata ikiwa na mashahidi kumi, haihesabiki. Njia iliyobaki ni kwenda kwa mthibitishaji wa hati. Huko tovuti inaweza kukupa maneno, kisha wewe unayanakili kwa kalamu tangu mwanzo hadi mwisho. Ufaransa pia haikuachii mali yote uigawe upendavyo: mwenye mtoto mmoja, nusu ni ya mtoto kwa lazima, wawili, theluthi mbili, watatu au zaidi, robo tatu. Kama mirathi yako inafuata sheria ya Kiislamu, mafungu ya warithi yamekwisha kupangwa, wasia hauzidi theluthi moja ya mali baada ya madeni, wala haumwendei mrithi isipokuwa warithi wengine wameridhia. Fomu ya jumla isiyokuuliza dini wala nchi itakuandikia mgawo wa sawa kwa sawa na kukupongeza mwishoni kwa alama ya tiki ya kijani.

Hata nchi zinazokupa uhuru mkubwa zina mipaka. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1975, na Kenya kuna kifungu cha 26 cha sheria niliyoitaja, zinazomruhusu mke, mume, mtoto au mtegemezi mwingine aliyeachwa bila kitu kwenda mahakamani kudai. Kama kuna mtu wa namna hiyo uliyemwacha makusudi, hapo tovuti haitoshi tena.

Una mali nchi nyingine? Basi tafuta mstari wa kwanza wa wosia wako. Karibu kila fomu inaanza kwa kusema nafuta wosia zote nilizowahi kuandika. Kwa mtu mwenye wosia mmoja, mstari huo ni salama. Kwa aliyekwisha kuandika mwingine nje ya nchi kwa ajili ya kiwanja au nyumba ya huko, mstari huohuo umeufuta bila yeye kujua, na fomu haikumwuliza.

Nije kwenye tovuti yenyewe. Sina ugomvi na huduma hizi, na wateja wangu kadhaa nimewaambia watumie badala ya kunilipa mimi. Ila kabla hujaiamini, soma masharti yake, hasa sehemu inayosema hii si huduma ya wakili. Uingereza, kwa mfano, kazi ya kuandika wosia haikuwekewa sharti la kuwa mwanasheria. Mtu yeyote anaweza kuifungulia biashara. Angalia kama kuna mwanasheria anayeipitia hati yako kabla hujaipokea, na kama kampuni ina bima ya kufidia makosa. Angalia kama malipo ni ya mara moja au yanakatwa kila mwaka, na utakapoacha kulipa wosia wako utakuwa wapi. Na uwe macho na kisanduku kimoja: tovuti nyingine hujiweka zenyewe kuwa msimamizi wa mirathi usipokiondoa, kisha hutoza asilimia ya mali yako yote. Kazi hiyo dada yako anaweza kuifanya, akikwama atamlipa wakili kwa kile tu alichokwama.

Usiandike maneno ya siri ya simu, benki wala barua pepe ndani ya wosia. Sehemu nyingine, Uingereza ikiwemo, wosia ukishathibitishwa huwa waraka wa wazi ambao mtu yeyote anaweza kuomba nakala. Kwa akaunti za mtandaoni kuna njia zake: Google ina mpangilio wa akaunti isiyotumika, Facebook na Apple zinakuruhusu kumtaja mtu wa kushughulikia akaunti baada yako. Mambo hayo, pamoja na orodha ya benki, madeni na mahali hati ya nyumba ilipo, yaweke kwenye barua ya pembeni isiyo na sahihi za mashahidi, ambayo unaweza kuibadili hata kila mwezi.

Wosia ulio halali usioonekana hauna faida kwa mtu. Nakala iliyomo kwenye akaunti yako ya tovuti ni nakala tu. Inayohitajika mahakamani ni ile karatasi yenye wino. Iweke mahali pakavu pasipoungua kirahisi, na mwambie dada yako ni wapi. Usiifungie kwenye sanduku la benki ambalo litafunguliwa tu kwa barua ya mahakama, barua ambayo mahakama haitaitoa bila kuona wosia. Familia nyingine zimewahi kuzungushwa hivyo kwa miezi.

Unapaswa kuacha tovuti na kukaa na wakili kama kuna watoto wa ndoa tofauti, biashara yenye wabia, mtoto mwenye ulemavu atakayehitaji matunzo maisha yake yote, mali katika nchi mbili, au ndugu unayejua fika kwamba atapinga. Nenda pia kama umekuwa na ugonjwa unaogusa kumbukumbu. Tangu kesi ya Uingereza ya mwaka 1870, Banks dhidi ya Goodfellow, kipimo ni kama mwandishi alielewa anafanya nini, ana mali gani, na ni nani waliostahili kufikiriwa. Wakili huandika kumbukumbu ya mazungumzo yenu siku ile, na kumbukumbu hiyo ndiyo humjibu mpingaji miaka kumi baadaye. Tovuti itaonyesha tu kwamba kuna mtu aliingia kwa neno lako la siri saa nne usiku.

Kwa uliyonieleza, wewe si wa kundi hilo. Ndoa moja, watoto wawili, nyumba moja, dada mnayeaminiana. Rasimu yako inarekebishika: hakikisha kwanza tovuti inafuata sheria ya nchi yako, soma hati ya nyumba, tazama fomu ya mafao, weka kifungu cha mali iliyobaki na majina ya mbadala, panga nani ashike fedha za watoto, chapisha, waite watu wawili wasiohusika. Ukitaka jicho la pili, mlipe wakili aipitie tu; ni gharama ndogo kuliko kuandikiwa upya. Utairudia akizaliwa mtoto mwingine, mkiuza nyumba, au ndoa ikibadilika. Uingereza na Kenya kufunga ndoa hufuta wosia uliotangulia, isipokuwa kama uliandikwa kwa kutarajia ndoa hiyohiyo, na hilo huwakuta sana wajane wanaoolewa tena.

Na dada yako umwombe radhi kwamba humtaki mezani siku ya kutia sahihi. Mwambie sababu, atacheka.